Kijiti cha Bata

Ziwa Halvor, Minnesota
12 Februari

Mheshimiwa Seneta, mjukuu wangu Maren,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nikiweka simu sikioni, hiki kidude changu cha kusikilizia kinapiga filimbi kama birika, na mimi sikupeleka masikio yangu yote haya uzeeni ili nisikilize birika.

Nimekusikia redioni. Nilikuwa mkahawani kwa Idella nakula mayai yangu kwa amani, watu wamejaa hadi mlangoni, na wewe ukaanza kuwaambia wakubwa wenzako: "Babu yangu Arvid Skaugen ndiye aliyenichongea kijiti changu cha kwanza." Uma ulinitoka mkononi. Mji huu nimeishi tangu nizaliwe, na jina langu halijawahi kutangazwa popote ila kanisani, kwenye maombi ya wagonjwa. Na hata huko Idella aliguna.

Uliyoyasema si uongo. Kila mwindaji wa bata anacho kijiti ndani ya bunduki yake ya marisau, ili isibebe zaidi ya risasi tatu, na askari wa wanyamapori akikukuta huna, anachukua bunduki, bata na heshima yako kwa mkupuo mmoja. Nusu ya vijiti vya ziwa hili nimevichonga mimi, kwa mwerezi, kwa malipo ya kahawa. Na lile neno lako, "hatukukiita kijiti hicho uonevu, tulikiita msimu wa bata," lilikuwa zuri. Nilitaka kupiga makofi, nikakumbuka nimekaa wapi.

Shida ni kwamba ulitoka kwenye bata ukaenda kwenye magazini za bunduki, vile visanduku vya kubeba zaidi ya risasi kumi mnavyotaka kupiga marufuku. Hapo watu wakageukia meza yangu. Harlan Moe akasimama. Harlan unamjua, ndiye aliyekubeba begani kutoka mateteni ulipovunjika mguu, na sasa ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha wawindaji. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Arvid, wewe ndiye uliyemfundisha haya?"

Nikamwambia, "Mimi nilimfundisha kuchonga. Kusema amejifunzia huko mlikompeleka nyinyi kwa kura zenu."

Watu walicheka. Harlan hakucheka. Jana chama kimekaa na kunitoa. Wameniambia nirudishe kofia ya chama. Nimeirudisha na jasho lake lote, maana hawakusema niifue. Pale petu kwenye matete, tulipowinda mimi na Harlan miaka yote, patagawiwa mtu mwingine.

Usijidanganye lakini. Sheria yako mimi siipendi. Mwizi hasomi sheria, na Harlan akisema sherifu na polisi wake wako dakika arobaini kutoka mlangoni kwake, hapo hasemi uongo. Nimemwambia hivyo hivyo, akasema anataka kusikia nikimwambia mjukuu wangu. Haya, nimekuambia.

Mengine ni mazuri. Daktari amesema nitembee, kwa hiyo natembea hadi ziwani, nashinda kwenye kibanda changu cha giza juu ya barafu nikivizia samaki aina ya paiki. Nimelala kifudifudi kwa ajili ya mgongo, pua juu ya tundu la barafu, chusa mkononi. Samaki wakiniona hivyo wanadhani nimekufa, wanasogea kunihurumia.

Pikipiki ya theluji ya Harlan nimeitengeneza mara ya tatu kabla hajanifukuza. Bado inakohoa. Sasa nafurahi.

Babu yako asiye na kofia,
Arvid

*

Saint Paul
17 Februari

Babu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikaona umeficha jambo katikati ya kicheko, kama unavyoficha dawa ya mbwa ndani ya nyama. Wamekutoa kwenye chama. Kwa ajili yangu. Na wewe unanisimulia habari za jasho la kofia.

Ningepaswa kukuomba ruhusa kabla ya kukutaja. Sikuomba kwa sababu nilijua utakataa, nami nilikihitaji kile kijiti. Wenzangu hapa wanazungumza kwa tarakimu. Mimi sikuwa na kitu kingine mkononi.

Acha nikueleze nilivyokaa. Kura itapigwa tarehe sita Machi. Tumegawanyika sawasawa, na kila mtu katika jengo hili ameshahesabiwa upande wake, ila mimi. Hawajui nitasema nini. Wale waliosikia habari ya kijiti wanadhani nimeshaamua, lakini kusimulia hadithi na kuinua mkono ni mambo mawili. Kila asubuhi napita kati ya mistari miwili ya watu. Upande mmoja ni wawindaji waliovaa fulana zao za rangi ya machungwa, na wengine nawajua, walinipa peremende nikiwa mdogo. Upande wa pili ni akina mama wenye picha za marehemu wao vifuani. Hawa hawapigi kelele. Wananitazama tu, nami naangalia viatu vyangu.

Simu yangu inalia usiku na mchana. Mtu mmoja ananitajia kila siku mahali nilipoegesha gari. Hatukani. Anataja tu mahali.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, babu, si mpiga kura wa wilaya yangu, bali wewe uliyenilea baba alipoondoka. Umesema sheria huipendi. Je, unataka niikatae? Ukiniambia waziwazi "Maren, ikatae," sijui kama nitaweza kusimama mbele yako na kura nyingine. Niambie, na safari hii bila utani.

Nitakuja Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Niwekee paiki, na umwambie Idella aniwekee lefse zake, ile mikate ya viazi.

Mjukuu wako,
Maren

*

Ziwa Halvor
24 Februari

Maren,

Marahaba. Barua yako imefika.

Jumapili usije. Barabara ni mbaya, na mimi nina mafua. Idella naye hapiki lefse, viazi vya mwaka huu vina maji.

Paiki hakuna. Kibanda changu kimezama. Nilichelewa kukitoa ziwani, barafu ikafunguka, kikaenda chini na ndoo yake na jiko lake. Ndiyo mambo ya uzee.

Ulichoniuliza nitakijibu siku nyingine, mkono unaniuma.

Funga milango ya gari. Na usiegeshe mahali pamoja kila siku, hata bata ana akili ya kubadilisha matete.

Babu

*

Saint Paul
28 Februari

Babu,

Mimi nimezaliwa kwenye ziwa hilo. Barafu ya Februari inabeba lori na trela yake. Haijawahi kumeza kibanda cha mtu, na hata kama ingemeza, isingekuwa chako, wewe ambaye kila mwaka unatoa kibanda wa kwanza halafu unakaa ufukweni na chupa ya kahawa kuwacheka waliochelewa. Ulinifundisha kupima unene wa barafu kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Kama ulitaka kudanganya ungemchagua mtu aliyelelewa mjini.

Viazi vina maji. Una mafua. Mkono unauma. Na barua ya mistari kumi bila mzaha hata mmoja ila ule wa bata, na huo nao ulikuwa onyo.

Nimefikiri sana, na naona nimekuelewa. Hutaki nionekane mjini nawe. Wameshakutoa kwenye chama, na nikija Jumapili tukakaa pamoja kanisani, watakutoa na pale kwenye benchi. Si kosa lako. Una miaka sabini na tisa, na hao ndio watu utakaozikwa nao. Lakini ningependa uniambie kwa mdomo wako, si kwa mdomo wa barafu.

Swali langu nalifuta. Ukimya wako nimeuhesabu kuwa jibu. Nitapiga kura yangu peke yangu, na ikikuaibisha, utawaambia mkahawani kwamba ulinifundisha kuchonga tu.

Sitakuja.

Maren

*

Ziwa Halvor
3 Machi

Maren,

Barua hii anaileta mpwa wake Idella anayekwenda huko kununua vyombo, ili ikufikie kabla ya tarehe sita. Akikuomba nauli usimpe, ameshalipwa.

Nimekuwa na wajinga wengi katika ukoo huu, na mmoja wao ninamwona kwenye kioo, lakini sikudhani na wewe umo. Mimi nikuonee aibu? Wewe? Niliwahi kukaa kanisani na suruali iliyopasuka nyuma kuanzia wimbo wa kwanza hadi sadaka, nikatoka mbele ya watu wote taratibu. Aibu mimi sinayo, niliimaliza siku ile.

Kuhusu kibanda, umesema kweli. Hakikuzama. Kiko pale pale. Kuna jambo limetokea, na mimi ni mzima, nakula, natembea, kikohozi sina. Zaidi ya hapo sikwambii. Idella amenisihi nikuambie, akaninyima kahawa siku nzima, sikukubali. Ukishapiga kura yako, niandikie kwamba umepiga, nami nitakueleza lote hadi msumari wa mwisho. Kabla ya hapo hapana, hata ukinikaba koo.

Uliniuliza nataka useme nini. Jibu langu ni hili, na nimeliandika bila utani kama ulivyoagiza: sitaki kura yako iwe na harufu yangu. Ukisema ndiyo, iwe ndiyo yako. Ukisema hapana, iwe hapana yako. Mbele ya wale akina mama usiangalie viatu vyako tena. Na wale wa fulana za machungwa nao uwaangalie machoni, maana wamekupa peremende. Halafu uinue mkono wako. Mimi nitakuwa babu yako asubuhi yake, kwenye ndiyo au kwenye hapana. Benchi la kanisani ni refu, na wakituhamisha tutakaa kwa Wakatoliki, nasikia kwao misa ni fupi.

Usije kabla ya kura. Ukija utaona, na ukiona utaharibu.

Babu

*

Saint Paul
7 Machi

Babu,

Nimepiga. Nilisema ndiyo.

Karani alipoita "Skaugen" nilikuwa nimeshika kile kijiti mfukoni. Ninacho bado, kimekuwa cheusi kwa mikono. Niliinua macho kwenye roshani wanakokaa watu, nikawatazama wote, wa picha na wa machungwa, kama ulivyoniagiza, ndipo nikajibu. Sauti ilitoka ndogo. Karani aliniomba nirudie, kwa hiyo nimesema ndiyo mara mbili.

Imepita kwetu kwa kura moja. Sasa inakwenda kwa wenzetu wa Baraza la Wawakilishi, na kila mtu anasema kule itakwama. Huenda nimepoteza kiti changu kwa ajili ya karatasi itakayolala kwenye droo. Nilipotoka, mzee mmoja wa nyumbani mwenye fulana ya machungwa aliniambia kwa upole kabisa, "Binti, hukupaswa kutufanyia hivi," na upole wake uliniuma kuliko yule wa simu.

Sikupiga kura kwa ajili yako. Nilikaa usiku nikijaribu kukutoa kichwani, na wewe si mtu mwepesi kutoka. Lakini ulitoka. Ilikuwa yangu.

Sasa niambie. Kimetokea nini kwenye kibanda?

Maren

*

Ziwa Halvor
11 Machi

Maren wangu,

Sasa kaa chini, na kama umekaa, kaa vizuri.

Jumamosi ile kabla sijakuandikia uongo, nilikuwa kibandani mchana, nimelala kifudifudi kama kawaida. Jiko sikuliwasha, moshi hunichoma macho nikichungulia. Lori lilikuwa nyumbani kwa amri ya daktari. Kwa hiyo mtu akitazama kutoka ufukweni haoni moshi wala lori, na kwenye ziwa letu hata mtoto anajua maana yake: kibanda kitupu.

Alikuja paiki mmoja, ewe mjukuu wangu, mwenye shavu kama la mchungaji wetu. Nainua chusa polepole. Nikasikia pikipiki ya theluji inakuja ikikohoa. Kikohozi kile nimekitibu mara tatu, sikihitaji kukiona. Nikasema moyoni, huyo Harlan, kaja kuomba radhi. Ikazimika mbali kidogo. Nikangoja mlango ugongwe.

Hakugonga. Kibanda kikaanza kupasuka juu ya mgongo wangu.

Mwanzo nilikasirika kwa ajili ya samaki. Halafu vibanzi vikaniingia kwenye kola, nuru ikaanza kuingia kwa mistari, mmoja, mwingine, mwingine, ndani ya kibanda ambacho hakijaona nuru tangu nikijenge. Nikaelewa. Nikafungua kinywa nipige kelele. Na hapa nisikilize vizuri, maana hili ndilo linaloniamsha usiku, si risasi zenyewe. Hapakuwa na mahali pa kuingiza neno. Bunduki ilikuwa inakwenda tu, inakwenda tu, haivuti pumzi. Neno langu lilikuwa fupi, "Harlan, nimo," mtoto anaweza kulisema akiwa na pipi mdomoni. Lingehitaji pumzi moja tu, mtu ainamishe kichwa abadilishe magazini. Haikuja. Ilipokwisha ikawa imekwisha, pikipiki ikawaka, ikaenda zake ikikohoa, nami bado nimefungua kinywa.

Nikabaki nimelala nikahesabu matundu. Thelathini. Magazini moja, yote.

Ndiyo maana nilinyamaza. Ningekuambia, ungesema ndiyo kwa hasira, na Harlan angesema maisha yake yote kwamba ile haikuwa kura, ilikuwa kisasi. Au ungeogopa, ukasema hapana ili wasinifuate tena, nawe ungenibeba mgongoni hadi kaburini, na mimi ni mzito. Idella nilimwambia kwa sababu alinitoa vibanzi shingoni kwa koleo lake la nyusi.

Najua unavyowaka sasa hivi. Ngoja, halijaisha.

Mwisho wa kutoa vibanda ziwani umefika wiki hii, na unajua desturi yetu: mtu akikuita kuvuta kibanda, unakwenda, hata kama jana yake mlishikana mashati. Nikamtuma Idella kwa Harlan. Akaja na trekta. Akafunga minyororo, akatazama mbingu, akatazama msitu, ukuta hakuutazama. Mwishowe akasema atanilipia mbao, kwamba alikuwa na hasira na bia, na kibanda ni kibanda tu.

Nikaingia ndani, nikalala kifudifudi mahali pangu, nikamwomba anipe chusa. Akanipa. Akasimama pale mlangoni, nuru inaingia kwa matundu yote, mistari yote inapita juu ya mgongo wangu, na mingine si juu sana.

Nikamwambia, "Nilikuwa hapa, Harlan."

Akasema, "Moshi haukuwepo."

"Macho yananiuma."

"Na lori?"

"Daktari kasema nitembee."

Akakaa kwenye ndoo. Alikaa hadi injini ya trekta ikapoa, na mimi nikabaki chini kwa sababu mgongo ulikataa kuinuka na yeye alikuwa amesahau kunipa mkono. Kisha akaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akafunika uso.

Kulipokucha yeye mwenyewe alikwenda kwa sherifu, dakika arobaini zake zile, akaiacha ile bunduki juu ya meza ya sherifu na kusema yote. Ana kesi mwezi ujao. Uenyekiti ameuacha. Mimi nitakwenda mahakamani kusema nilichokiona, ambacho ni samaki tu.

Mchana wake akaja hapa uani na kisu chake na furushi la mwerezi. Hatukusalimiana. Tukakaa kwenye magogo tukaanza kuchonga vijiti, kimoja kwa kila tundu, maana kibanda cha giza kikiingiwa na nuru ni choo tu. Kazi yake ni mbaya, kijiti chake cha kwanza kilifanana na karoti iliyotafunwa na sungura, nikamwambia hivyo. Baada ya muda akasema bila kuinua kichwa, "Sheria ya mjukuu wako bado naipinga, Arvid. Na leo naipinga."

"Najua," nikamwambia. "Chonga."

Mimi mwenyewe sijui niseme nini. Mwizi bado hasomi sheria, hilo halijabadilika. Lakini miaka yote nimechonga kijiti cha bata kwa sababu ya kumwogopa askari wa wanyamapori, sikuwahi kujiuliza bata anafanya nini katika ile nafasi mtu anapojaza tena risasi. Sasa najua. Anasema neno lake fupi, anaruka.

Tumeziba yote isipokuwa moja. Liko ukutani juu ya ndoo, na nikikaa kwenye ndoo linakuwa usawa wa kichwa changu hasa, hapa juu ya sikio lenye kidude. Harlan alilifikia akaweka kisu chini, akasema hilo hawezi. Mimi nami sitaki. Tumekuachia wewe.

Njoo Jumapili. Idella amepata viazi visivyo na maji, na benchi letu kanisani bado ni letu, nimeulizia.

Lete kisu chako.

Babu yako,
Arvid